Springi Nilizozichagua Mwenyewe

Kwanza nieleweke vizuri: mimi sijawahi kuendesha pikipiki. Nilikaa nyuma miaka yote ya ndoa yangu, na ndiyo maana nasema nilizijua springi kuliko mtu yeyote pale Voi. Anayeendesha hushika usukani na kutazama mbele. Anayekaa nyuma ndiye anayezikalia shokomzoba, zile springi mbili za gurudumu la nyuma ambazo zikifa, kila shimo la barabara hukupanda moja kwa moja hadi shingoni.

Pikipiki yetu ilikuwa kubwa, ya kizamani, iliyotengenezwa kwa safari ndefu. Mume wangu aliinunua kwa mkandarasi wa barabara aliyekuwa akihama, kabla watoto wetu hawajazaliwa. Mwaka uliofuata mvua za Elnino, barabara ya Taveta ilikuwa imebaki mifupa mitupu, na springi zetu zilikuwa zinavuja mafuta. Tulikwenda Mwatate tu, tukarudi, nikashushwa kama gunia. Nililala chali hadi wiki ikaisha.

Nilipoinuka, mume wangu alikuwa ameshaamua. "Mama watoto, nitatia springi nyingine, tujaribu mara ya mwisho. Mgongo wako ukiuma tena, nauza."

Hakusema kwa ubaya. Aliniogopea. Lakini nilikasirika hadi chai ikanishinda. Nyumbani kwetu kulikuwa na wakwe, watoto na wageni, na kila mmoja alikuwa na neno la kuniambia. Juu ya ile pikipiki tulikuwa wawili tu, na mume wangu, ambaye ndani ya nyumba husema kwa kupima, tukishapita Mraru alikuwa akianza kunisimulia mambo ambayo sijui aliyaweka wapi siku nyingine zote. Nilimpenda zaidi pale kuliko mahali pengine popote. Hayo ndiyo aliyokuwa anataka kuyauza.

"Basi springi nitachagua mimi," nikamwambia.

Fundi wetu alikuwa Mtaita mwenye banda karibu na reli, hodari wa kazi na wa maneno. Alimsalimia mume wangu, akanipa shikamoo, kisha akanisahau. Akamwuliza yeye uzito wake, hubeba nini, hupita wapi. Halafu akatoa jozi fupi, nene, mpya, bado ziko ndani ya nailoni.

"Hizi ndizo, mzee. Hizi ni za kazi. Gunia mbili za viazi na haziinami."

"Mimi si viazi," nikasema. "Zifunge nikae."

Wakacheka, wakazifunga. Nikakaa, nikajirusharusha juu ya kiti mbele ya wapita njia. Ilikuwa ni kukalia ukuta. Nikasema hapana. Fundi akaeleza kwamba ngumu ndiyo imara, na mume wangu akaitikia kwa kichwa, maana wanaume wa kwetu wakisikia kitu ni kigumu huwa wamesharidhika. Nikasema hapana mara ya pili, nikaonyesha jozi iliyotundikwa ukutani, ndefu kidogo, imejaa vumbi, iliyotolewa kwenye pikipiki ya safari kama yetu iliyokatwa vipuri Mombasa.

"Hizo ni laini, mama. Ni za watu wa matembezi tu."

"Na sisi twaenda wapi, vitani?"

Alizifunga huku ananung'unika. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona, kwa sababu siku zote pikipiki ikitengenezwa mimi nilikuwa jikoni. Kila springi ina pete chini yake. Ukiizungusha kupanda juu, springi hukaza. Fundi aliizungusha pete ya kushoto hadi mwisho. Ya kulia akaiacha chini kabisa.

"Mbona moja tu?"

Akanishangaa. "Si wewe hukaa upande, mama? Wamama wote hukaa wakiangalia kushoto, miguu inaning'inia huko. Sasa tunakaza huo upande ndio pikipiki isilale. Voi yote tunafanyanga hivyo."

Voi yote! Kumbe wake wa mji mzima tulikuwa tumesokotwa viuno kwa ajili ya heshima, halafu na springi nazo zikapotoshwa zitufuate. Nilikuwa nimekaa hivyo tangu nikiwa biarusi, uso kushoto, kiuno kimepinda, mkono mmoja umemshika mume. Hakuna aliyekusudia kuniumiza. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Zilinganishe," nikamwambia fundi.

"Zikilingana, utakaaje?"

"Kama anavyokaa yeye."

Mume wangu akaikodolea macho spana ya fundi utadhani hajapata kuona spana. Sikungoja ruhusa. Nilikwenda nyumbani, nikavaa suruali ya mwanangu chini ya buibui, nikarudi, nikapanda mguu huku na mguu huku. Kiti kikashuka kidogo, kikanipokea, kikatulia. Nikasema, "Ni hizi."

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunatoka kwenda Mahoo, kwa binti yetu aliyeolewa kule Taveta. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mtu mwenye wajukuu, wapanua miguu barabarani! Watu watasemaje?"

"Watasema nimekwenda Taveta."

Nisidanganye, zile springi hazikuwa muujiza. Kwenye mashimo madogo zilimeza kila kitu, na mashamba ya mkonge yakapita huku mume wangu akizungumza bila kukoma. Mashimo makubwa hazikuyaweza. Tulipovuka Bura mgongo ulianza kuniuma, si kama zamani, lakini uliuma. Nilimshika kwa mikono miwili na sikusema kitu, kwa sababu alikuwa katikati ya kisa kizuri.

Mahoo, pembeni ya migomba, alizima injini akageuka kabla sijashuka.

"Mgongo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. Sikutaka kukaa nyuma ya mume wangu kwa kudanganya.

"Unauma," nikamwambia. "Lakini ni mgongo wangu, na siku nitakayochoka kupanda nitasema mwenyewe. Ukitaka kuuza, tafuta mtu atakayeinunua na mimi nikiwa juu yake."

Binti yetu alikuwa ameshafungua mlango, ameduwaa, anaitazama suruali ya kaka yake. Sikushuka. Nilibaki pale juu na vumbi langu hadi mume wangu alipopumua kwa nguvu na kusema, "Haya. Tutarudi nayo." Ndipo nikashuka, polepole, nimemshika bega.