Mtoto Aliyekwenda Kumpokea Babake

Siku moja ya ujana wangu imenikaa hapa kifuani, mwanangu, na si ya arusi wala ya sikukuu. Ni siku mahujaji wa mtaa wetu waliporudi kutoka Maka, mtoto wa ndugu yangu akavaa kanzu yake mpya akaenda kumpokea babake, na babake keshazikwa mavani Kikowani. Kaa nikueleze. Ukiwa na haraka nenda zako, mimi sina nguvu tena za kumshika mtu mkono.

Nimechoka, sikufichi. Juzi nimepanda ngazi za ghorofa moja kule Ganjoni kwenda kutoa mkono wa pole, na magoti haya yakanitukana kila ngazi. Kufika juu, naona wajukuu wa marehemu wamefungiwa chumbani na simu. Wanatazama katuni, sauti imepandishwa ili wasisikie vilio vya sebuleni. Nikauliza, "Wameambiwa?" Mama yao, kijana tu, rika lako wewe, akaniinamia sikioni akasema, "La, bibi. Tumewaambia babu amepelekwa India kutibiwa. Wadogo mno hawa." Nikakaa mkekani. Kugombana matangani ni aibu, na pumzi zenyewe zilikuwa zimenishinda. Lakini nimerudi nalo nyumbani jambo lile, na sitaki kulibeba peke yangu.

Mimi nilikuwa na kaka akiitwa Salim, Mungu amrehemu, dereva wa lori la bandarini. Mtu wa mzaha mwingi. Jumapili jioni huwachukua wanawe wawili mpaka ufukweni Mama Ngina, wakala mihogo ya kukaanga na pilipili, wakarudi midomo imewawaka, mke wake akamgombeza, naye akicheka. Mkubwa ni Swaleh, ashaanza kuhifadhi sura ndefu madrasani. Mdogo ni Fuad, meno ya mbele bado ya maziwa. Sote tulikaa nyumba moja, Kibokoni, kwa mama yetu. Mimi nilikuwa sijaolewa, kwa hiyo shangazi ndiye mlishaji, ndiye mwoshaji, ndiye wa kutafuta kiatu kilichopotea.

Homa ikamshika Salim. Ijumaa moja aliswali na watu, Ijumaa ya pili watu wakamswalia yeye. Ikawa haraka namna hiyo, mwanangu, hata sisi wakubwa hatukuelewa.

Sasa sikiliza uongo ulivyozaliwa, maana hakuna aliyekaa akaupanga. Zile zilikuwa siku za watu kutoka kwenda kuhiji. Mtaani kila baada ya siku chache nyumba moja imejaa. Watu wanasoma Qurani, wanakumbatiana, wanalia, wanatakana radhi, na vitambaa vyeupe vya ihramu vimekunjwa kitandani. Fuad aliingia nyumba zile na watoto wenziwe, akapewa halua, akatoka. Siku ya msiba wetu akayaona yale yale kwetu: nyumba imejaa, Qurani inasomwa, watu wanalia, na babake amevishwa nguo nyeupe. Akamvuta leso dada yangu mkubwa, Rukiya, akamuuliza, "Shangazi, na babangu pia yuaenda Maka?"

Rukiya macho yamemvimba kwa kulia, akamtazama mtoto, akasema, "Naam, mwanangu. Yuaenda Maka."

Alisema kwa huruma. Mimi nilikuwepo, mamangu alikuwepo, na hakuna kati yetu aliyesema la. Tulijiambia ni wa leo tu, kesho tutamweleza. Kesho ikafika na hitima yake, keshokutwa wakaja wageni wa Malindi, na neno likazidi kuwa zito kila siku tuliyoliacha. Uongo wa kumwambia mtoto una tabia hiyo. Wauweka chini kidogo upumzike, ukirudi kuuokota umeshakuwa mkubwa kuliko wewe.

Maimuna, mke wa Salim, alikuwa ndani kwenye eda yake, amevaa nyeupe, hatoki. Yeye alitaka kusema. Alisema mara moja, "Wifi, niacheni nimwambie mwanangu." Rukiya akamkatiza: "Wewe mtu wa eda, usijitie mawazo. Watoto tuachie sisi." Masikini Maimuna hakuwa na nguvu za kubishana na Rukiya. Nani alikuwa nazo? Hata mamangu mzazi alikuwa akimwogopa.

Na Swaleh je? Swaleh alikwenda na wanaume mpaka kaburini, akamtia babake mchanga kwa mikono yake. Aliporudi, vumbi bado liko kuchani, Rukiya akamwita jikoni akamwambia, "Wewe ndiye mwanamume sasa. Nduguyo hajui. Ukimwambia utamuua kwa uchungu, wasikia?" Mtoto akaitika. Tangu siku hiyo akawa hazungumzi. Fuad akianza habari za baba, baba ataleta nini, baba amepanda ndege kubwa namna gani, Swaleh huondoka akapanda juu kwenye paa. Sisi tukawa tunasema, mashallah, mtoto ametulia, amekuwa na adabu. Laiti ungelijua hasira ninayoisikia mpaka leo nikikumbuka tulivyomsifu.

Kila magharibi, mama yetu huwaswalisha wale watoto ukumbini, kisha kila mmoja huomba dua yake kwa sauti. Fuad huinua vijikono vyake akaomba, "Yarabi, mrudishe babangu salama na ndege yake." Nasi wanawake wazima tumekaa nyuma yake, twaitika, "Amin." Amin! Astaghfirullah. Kila siku.

Sikukuu ya kuchinja ikaja. Kanzu mpya ya Fuad ilikuwa imeshashonwa; Salim mwenyewe ndiye aliyekipeleka kitambaa kwa fundi kabla hajaugua. Fuad akakataa kuivaa. Akasema ataivaa babake akirudi. Tukambembeleza, tukamtisha, tukachoka. Akaenda kuswali Idi na shati la shule.

Ndipo siku niliyokutajia ikafika. Mwenye kuongoza msafara wa mahujaji alikuwa jirani yetu wa mkabala, Mzee Kasam, Mhindi muuza vitambaa mjini. Wazee wake ndio waliotoka Bara Hindi. Yeye mwenyewe kazaliwa Kibokoni pale pale, na Kiswahili chake ni cha kutufunza sisi. Walirudi alasiri, yeye na mahujaji wengine wa mtaa. Ubani unafuka, vijana wanapiga dufu, tende zinapitishwa kwenye sinia na maji ya zamzam kwenye vikombe vya kahawa. Mimi niko kwa kina Kasam upande wa wanawake, nasaidia kugawa.

Mara namwona Fuad anaingia. Kanzu nyeupe mpya, vifungo kavifunga mwenyewe, kimoja kimeruka. Kofia imemwangukia sikioni. Nyuma yake Swaleh anamkimbilia, anamvuta mkono, naye anajitoa. Akaingia katikati ya wazee waliokaa, akawa anawatazama usoni mmoja baada ya mwengine. Anainama, anatazama, anapita. Kwanza sikufahamu afanyalo. Kisha nikakumbuka. Alikuwa ameniuliza mahujaji hufanywa nini huko, nikamwambia hunyolewa vichwa. Alikuwa anawaangalia vizuri wanaume wale walionyolewa, asije akampita babake bila kumtambua.

Alipowamaliza akasimama mbele ya Mzee Kasam. "Haji, babangu mumemuacha wapi?"

Dufu likanyamaza. Mtaa mzima ulijua Salim amezikwa, na Mzee Kasam aliisikia habari huko huko safarini. Rukiya akatoa kichwa kwenye pazia, akamkonyeza yule mzee, akaonyesha kwa mkono: mwambie yuaja, yuko nyuma. Mzee Kasam akamwona. Akamtazama mtoto, akamtazama tena Rukiya, akaweka kikombe chini.

"Mimi, baba, Maka sikumwona babako," akamwambia Fuad. "Twende kwenu."

Akamshika mkono, akavuka njia, sisi nyuma yake tumejitanda leso hovyo. Akapiga hodi, akasimama kwenye kizingiti, hakuingia kwa sababu ya mtu wa eda. Akamwita mama yangu kwa heshima kama desturi, "Bi Mwanaisha." Mama akaja nyuma ya pazia. Rukiya akawahi kusema, "Haji, tulitaka kumhifadhi mtoto tu. Ni mdogo."

Sijapata kumsikia mzee yule akipandisha sauti kabla ya siku ile, na hata siku ile hakuipandisha. Alisema kama mtu aliyechoka na safari, na kweli alikuwa amechoka. "Mimi nimetoka kumwomba Mungu anifutie dhambi zangu, hata nywele hazijaota. Nanyi mwaningoja mlangoni mnipe dhambi mpya nimbebeshe mtoto?" Kisha akageukia pazia. "Bi Mwanaisha, mwanao hana tena la kufanya. Haswali, hafungi, hatoi. Kilichomsalia ni dua ya mwanawe. Nanyi mumemnyima. Huyu yuamwombea ndege, na babake yu mchangani yuangoja."

Mama yangu akakaa chini pale pale sakafuni.

"Kumwambia si haki yangu," akasema Mzee Kasam. "Ni yenu. Semeni, nami nipo hapa."

Hakuna aliyeweza. Rukiya mwenyewe, na maneno yake yote, alitia uso kwenye leso. Basi sauti ikatoka chumba cha ndani, ya Maimuna. "Fuad, njoo kwangu, mwanangu." Mtoto akaenda, tukamwona kwa mlango ulio wazi. Akampakata. Akamwambia wazi, bila kuzunguka, "Babako amekufa, mwanangu. Aliugua ile homa, akafa. Yuko Kikowani. Hatarudi. Sisi ndio tutakwenda kwake, Mungu akipenda, lakini yeye hatarudi."

Fuad hakulia. Alimtazama mamake, kisha akageuka kumtafuta Swaleh, aliyekuwa amejibana ukutani. "Nawe ulijua?"

Swaleh akaangua kilio. Kilio cha mtoto aliyekizuia tangu siku ya mazishi, mpaka akatapika. Na yule mdogo ndiye aliyeshuka mapajani mwa mamake akaenda kumshika. Kisha akatugeukia sisi, shangazi zake na bibi yake, akauliza swali lake moja tu: "Sasa siku zote hizi, dua yangu ilikuwa yaenda wapi?"

Nimeolewa, nimeoza mabinti, nimezika mume, nimesikia maneno ya kila aina, na hilo ndilo nilisikialo mpaka leo.

Asubuhi yake Mzee Kasam aliwachukua wote wawili mpaka Kikowani, Fuad kavaa ile ile kanzu. Wanawake hatukwenda. Swaleh ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye, alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Alisema Mzee Kasam aliwafunza salamu ya kuwatolea maiti, wakaitoa, kisha akawaambia kila mmoja aombe kwa maneno yake mwenyewe. Fuad alichutama penye kaburi la babake, akaweka kiganja juu ya mchanga, akasema, "Baba, nisamehe. Nilikuwa sijui."

Mtoto wa umri ule, mwanangu, ndiye aliyeomba radhi. Si sisi.

Fuad alikua, alhamdulillahi, ana kazi, ana watoto. Lakini kwa miaka mingi, mamake akitoka kwenda sokoni humfuata mpaka pembe ya njia ahakikishe ni sokoni kweli. Nami nikimwambia naja sasa hivi, hunikazia macho akasema, "Sema wallahi." Nilikuwa nasema. Ningefanyaje?

Basi nakwambia, na sitarudia, maana sauti yangu inaisha. Mauti yakiingia nyumbani mwako, usiwape watoto simu. Zima hiyo katuni. Waweke karibu nawe, waambie kwa jina lake: amekufa. Usiseme amelala, mtoto ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, atangoja. Waache walie, waache waulize maswali ya kukukera, na lile usilolijua waambie hujui. Wakiweza kumuaga maiti wao, wamuage. Mkubwa wao usimpe siri ya kubeba, hana mabega. Kisha uwafunze kuinua mikono, Mungu amrehemu, amsamehe, amnawirishie kaburi lake, hata kama ulimi wao bado wakosea herufi. Wewe waona wawakinga, kumbe wawanyang'anya kazi ya mwisho wanayoweza kumfanyia mtu wao, na maiti naye wamnyang'anya.

Na yule mama wa Ganjoni, ukimjua, mfikishie. Mwambie bado ana nafasi, aingie chumbani leo leo. Mimi zile ngazi siziwezi tena.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akuweke, akupe umri wenye kheri na nyumba isiyo na maneno ya kufichana. Akukuzie watoto wako na wa ndugu zako. Na siku yako itakapofika, baada yangu mimi kwa miaka mingi, wasimame juu ya kaburi lako wadogo kwa wakubwa, wainue mikono, na kila mmoja wao awe yuajua anamwombea nani.