Chausiku, Mbwa Aliyeswaga Ng'ombe Joshoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la mifugo la serikali upande wa Ibadakuli, Bwana Meneja alinikabidhi buti, filimbi na mbwa jike mweusi. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana aliyetoka chuo, mwenye domo ambalo hata mama alilichoka. Mbwa nikamwita Chausiku.

“Huku kwetu mbwa analinda boma,” Meneja alisema. “Huyu ataswaga ng'ombe. Akimng'ata hata mmoja siku ya kuogesha, namwondoa. Umenielewa, binti?”

Niliitikia, lakini kwa hofu. Nilikwisha kumpenda.

Tulipelekwa kwenye mafunzo, sisi wafanyakazi wapya na mbwa wetu. Mkufunzi alikuwa mzee kutoka Arusha, aliyechunga kondoo katika mashamba ya walowezi. Alitufundisha kumlaza mbwa, yaani kumtuliza palepale kwa mlio mmoja mrefu, na kumzungusha, yaani kumtuma apite mbali hadi nyuma ya kundi. Mimi nilipuliza filimbi huku napiga kelele na kurusha fimbo, kama tulivyochunga nyumbani. Chausiku alichanganyikiwa, akaingia katikati ya ng'ombe akibweka.

“Mwanangu,” mkufunzi aliniambia, “mbwa hana kosa. Funga mdomo, akusikie.”

Kunyamaza! Hakuna kazi iliyowahi kunitoa jasho kama hiyo.

Siku ya kuogesha ikafika. Josho ni birika refu la dawa ya kupe, na ng'ombe hulichukia. Mzee Masanja, mfugaji wa jirani, alileta kundi lake na vijana wenye fimbo. Nikamwomba vijana wakae pembeni, nikamzungusha Chausiku. Mara fahali wake akageuka, akamwinamishia Chausiku pembe. Watu wakapiga yowe. Mimi nikapuliza mlio mrefu, nikanyamaza. Chausiku akalala chini, akamkazia macho. Fahali akapumua kwa nguvu, akageuka, akatumbukia joshoni, na kundi zima likamfuata.

Meneja alivua kofia. “Mbwa anabaki.”

“Wabeja, Mama Chausiku!” Mzee Masanja akaita, akishukuru kwa lugha ya kwao. “Akizaa, mtoto wa kwanza ni wangu!”

Jina likaninata. Baadaye nilihamishiwa Geita. Wenzangu wakakimbilia dhahabu, mimi nikaendelea kufundisha wachungaji na mbwa wao hadi nilipostaafu. Najivunia, wala sifichi. Na mgeni akiniuliza huyo binti yangu Chausiku aliolewa wapi, namjibu kwamba hakuolewa. Alikuwa na kazi serikalini.