Kompyuta ya Akiba Niliyoitenga

Mnicheke tu, nastahili. Miaka ile ya soko huria, hospitali yetu ya binafsi pale Morogoro Mjini ilikuwa na kompyuta mbili: kubwa ya kumbukumbu za wagonjwa, na ya akiba iliyokuwa ikinakili kila kinachoingia kwenye kubwa, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Mtunzaji wake nilikuwa mimi, fundi wa kujisifu.

Asubuhi moja niliitenga ile ya akiba ili niifute vumbi. Nikiwa na brashi mkononi, habari zikaja kwamba mama yake Dada Anna wa mapokezi, aliyelazwa hapo hapo, amefariki. Kwetu msiba hauambiwi subiri. Nilifunga mashine upesi, nikasahau kuiunganisha tena, nikaenda kusaidia kubeba jeneza kupanda nalo Uluguru. Tulikaa huko hadi matanga yakaisha.

Siku tuliyorudi kazini, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kompyuta kubwa ikafa. Mganga mkuu akaja anahema.

"Shikamoo, Daktari. Usihofu," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Ya akiba inayo yote, hadi dakika hii."

Nikaiwasha kwa madaha. Wauguzi wakanipigia makofi.

Dada Anna akakaa mbele ya skrini, akafungua orodha ya wodi ya wanawake. Kisha akaniuliza taratibu, bila hasira yoyote:

"Kaka Mkude, mbona mama bado yupo kitanda cha dirishani?"