Damu ya Nyumbani

"Papa, unaniona mugonjwa? Niangalie vizuri!" Ndivyo nilivyomuambia mupimaji wa damu pale hospitalini. Nilikuwa nimetoka sokoni Birere mbio, nimeachia jirani vitenge vyangu, na mudogo wangu alikuwa tayari amelala wodini akingoja kupasuliwa uvimbe wa kizazi. Daktari alitaka damu iwe karibu. Na kwetu damu ya mugonjwa inatoka nyumbani, ndugu ndiye anatoa. Mufuko wa damu ya mutu tusiyemujua? Jamani, hapana!

Yule papa hakukasirika. Alisema vipimo vya hepatite, ule ugonjwa wa ini, vimeisha, vingine vitafika kesho. "Mama, mungoje kesho, uvimbe hautakimbia. Ama mukubali mufuko huu, umeshapimwa."

Kesho! Nilipandisha sauti mpaka watu wakachungulia koridoni. Nikasema hepatite ni ya walevi na ya watu wanaotembea ovyo, mimi ni mama wa kanisa, sinywi hata bia ya ndizi. Ujinga mutupu, tena niliusema kwa kiburi. Nikamufuata daktari, nikamusumbua mpaka akachoka, akanipa karatasi nitie sahihi kwamba nimekubali damu yangu itumike bila kipimo hicho. Hata leo namukasirikia kwa kuchoka upesi hivyo.

Operesheni ilienda vizuri. Damu yangu waliitumia, na kanisani nikajisifu wee, nani angenizuia?

Miezi mitatu baadaye macho ya mudogo wangu yakawa ya manjano, chakula kikamushinda. Wakamupima: hepatite B. Wakatuita jamaa yote tupimwe, na ni mimi peke yangu niliyepatikana nayo. Daktari akasema pengine niko nayo tangu utoto, bila kuumwa hata siku moja. Kuhusu mudogo wangu hakuahidi kitu. Pengine mwili wake utaifukuza, pengine itabaki na kula ini pole pole.

Jana nilimupelekea uji kwake Ndosho, nikamuambia ugonjwa umetoka kwangu. Akanishika mukono. "Yaya, dada yangu, acha kulia. Ungejuaje? Hakuna aliyekuambia."

Siku ile yeye alikuwa wodini, makelele yangu ya koridoni hakuyasikia. Ningeweza kunyamaza, na Mungu anajua nilitamani.

"Waliniambia," nikasema. "Waliniambia tungoje siku moja tu. Nikakataa."

Akauachilia mukono wangu.