Kidole cha Dobi

Kwa miaka thelathini na mitano dobi huyu alipima moto wa pasi kwa kidole. Alikilowesha kwa mate, akakigusisha kwenye pasi, chwi! Hapo hapo akajua hii ni ya hariri, hii ya khaki. Hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, na sifa hiyo aliimwaga hata kwa asiyeuliza.

Kisha vidole vya miguu vikaanza kumwasha kama anatambaliwa na sisimizi. Wakapanda, wakafika mikononi. Daktari akasema ni sukari, imeharibu mishipa ya fahamu. Miezi ikapita, sisimizi wakageuka moto. Viganja vikamwaka hata shuka hakuitaka.

"Hata maumivu yakiisha, usiache kuja," daktari alimsisitiza.

Yakaisha. Asubuhi moja aliamka mikono imetulia tuli. Akawatangazia wateja kwamba amepona, kadi ya kliniki akaitupa kwenye droo. Binadamu bwana! Vifungo vilimponyoka, siku moja akakuta lengelenge kidoleni asijue limetoka wapi, lakini akajifanya hamnazo. Angesema, nani angemwachia mjukuu?

Maana kumwogesha mjukuu wake wa miaka mitatu, mama mtu akiwa kazini, ndiyo raha pekee iliyomkimbiza nyumbani kila jioni.

Jioni moja binti yake aliwahi kurudi, akamkuta anachanganya maji kwenye beseni.

"Baba, nikupimie?"

"We! Mimi unifundishe moto leo?"

Akatumbukiza mkono, akakoroga. Hakusikia joto, akaona yamepoa. Akamsimamisha mtoto ndani ya beseni.

Kile kilio anakisikia mpaka leo.

Miguu ya mtoto ilipona, likabaki baka kifundoni. Binti hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo linalomtafuna. Angemwambia tu, "Mwanangu, mikono yangu haisikii," yangeisha. Aliona haya kulisema, na aliyeungua ni mtoto.

Siku hizi, wakati wa kuoga, yeye hukaa sebuleni akisikiliza maji yakimwagika kule bafuni. Hakuna aliyemkataza.

Juzi aliinama kwenye beseni anawe mikono kabla ya kula. Mjukuu akaja mbio, akamshika.

"Ngoja, babu!"

Akachovya kidole chake, akatulia kidogo akiyasikilizia.

"Si ya moto. Haya, nawa."

Babu akanawa mikono. Kisha akanawa na uso, akachelewa kuuinua.