Tundu Katika Kulasi ya Feruzi

Feruzi alikuwa fundi wa magari huko Mangobo kwa miaka ishirini na saba, na watu walisema vidole vyake vina macho. Mwaka huu yeye na rafiki yake Cyprien, dereva, waliazimia kushinda mashindano ya magari kwa Corolla kuukuu. Cyprien angeendesha, Feruzi angeiongezea injini pumzi.

Aliifungua kulasi, kile kichwa cha injini chenye vali, akaanza kupanua njia za hewa kwa kijimashine cha kusagia. Ni kazi ya subira: unasaga kidogo, unapapasa kwa kidole, unasaga tena. Ukuta wa njia ni mwembamba, na nyuma yake hupita maji ya kupozea injini. Njia tatu zilitoka laini. Katika ya nne mkono uliruka. Chuma kililia sauti nyingine. Alipozima mashine aliona tundu, dogo kama punje ya mchele.

Kulasi ilikuwa imeharibika, na nyingine haikuwapo mjini. Lakini si hilo lililomkalisha chini. Mkono wake wa kuume ulikuwa ukitetemeka tangu mwaka jana. Hakumwambia mtu. Kazi hii aliishika ili ajithibitishie kwamba bado ni fundi.

Mkewe, Ramla, alimkuta pale pale.

“Papa Nyota,” alimwita kwa jina la mtoto wao, “ni mukono?”

“Ulijua?”

“Chai inamwangika kila asubuhi. Nilingoja useme mwenyewe.”

Kesho yake alimweleza Cyprien yote. Cyprien hakugusia mashindano.

“Bon. Na breki za taksi ya bibi yangu? Si weye uliyezifunga mwezi jana?”

Wakaenda kwa mke wa Cyprien, wakatoa gurudumu la taksi yake. Boliti moja ilikuwa imelegea, inazunguka kwa kidole. Cyprien alichukua spana akaikaza mwenyewe.

Kwa siku nne Feruzi alipita nyumba kwa nyumba, akiwaambia wateja wapeleke magari yao yakaguliwe kwa fundi mwingine. Mzee mmoja alimshukuru. Wengine walimtukana, na mwanamke mmoja alimfungia mlango kabla hajamaliza kusema.

Wiki iliyofuata hakuna gari lililoingia uani. Ramla alitoa meza, akaanza kuuza chikwange, mikate ya muhogo iliyofungwa majanini, mahali pale magari yalipokuwa yakipanga foleni.