Sahihi ya Nolfa Antilef

Kiwanda cha samaki kilipofungwa, wafanyakazi waliitwa kwenye ukumbi wa chama chao pale Talcahuano, mji wa bandari nchini Chile, wakakuta meza mbili. Meza ya kulia walikaa wasichana wawili wa ofisi ya kazi, na mbele yao vipeperushi vya kozi za kuoka keki, kutengeneza nywele, kushona na kutunza wazee. Meza ya kushoto alikaa kijana mwenye miwani, na kozi zake zilikuwa za kuchomelea vyuma, kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo, na umeme. Hakuna aliyetangaza meza ipi ni ya nani. Hata hivyo wanawake wote walijipanga kulia na wanaume kushoto, kama watu waendao chooni.

Nolfa Antilef akaenda kushoto.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mfupi, kifua mbele, na sauti iliyozoea kushindana na mitambo. Tangu ujana wake alikuwa amesimama mbele ya mkanda wa kiwanda kile akitumbua samaki, mikono ndani ya maji ya barafu. Viungo vya vidole vilikuwa vimemvimba, na majira ya baridi yakifika hakuweza kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Mumewe, Floridor, ndiye aliyemfungia asubuhi kabla hajaondoka kwenda bandarini.

"Mama, meza yenu ile kule," kijana akamwambia kwa upole.

"Nimeiona."

"Huku ni umeme, na kuchomelea—"

"Kusoma najua. Nieleze huo umeme."

Wanaume waliokuwa nyuma yake wakaanza kuchekeana. Mmoja akapaza sauti: "Nolfa, utatuzimia taa mji mzima!"

Nolfa akageuka. "Wewe kwako si walishakukatia tangu mwezi wa tatu? Utajuaje kama zimezimika?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na foleni ikamwachia nafasi.

Sababu yake ilikuwa nyepesi, na hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Katika kiwanda kile kizima, kuanzia mlango wa magari mpaka vyumba vya barafu, mtu pekee aliyekuwa na mikono mikavu alikuwa fundi umeme. Mkanda ukisimama, alikuja na mkoba wake, akafungua kisanduku, akatazama, akafikiri. Wanawake wote walisubiri huku maji yakiwadondoka viwikoni, na yeye alikuwa anafikiri tu, na analipwa. Nolfa alimtazama miaka na miaka, akimwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea wivu mwanamke mwenzake.

Kijana alimweleza njia zilizopo. Kulikuwa na kozi fupi ya wiki chache, ukimaliza unapewa cheti cha kuhudhuria. Kulikuwa na vyuo vya watu binafsi, ambavyo cheti chao kilipendeza zaidi. Na kulikuwa na shule ya jioni ya watu wazima, miaka mitatu, ambako mtu humaliza sekondari na ufundi kwa pamoja, kisha anaomba leseni ya serikali. Nolfa alikuwa ameacha shule darasa la nane. Akarudi nyumbani na vipeperushi vitatu, na vyote vilikuwa na picha ya mwanaume yuleyule mwenye kofia ngumu, ameshika bisibisi na kutabasamu. Kwa picha ile huwezi kuchagua chochote.

Jumapili akayasema mezani kwa mama mkwe wake, Bi Uberlinda, ambako ukoo mzima ulikutana kula supu ya kuku na mahindi. Pale alikuwepo Osmán, mdogo wake Floridor, ambaye kilima chote walichokaa kilimwita fundi. Nyumba nyingi za kule juu zilikuwa zimepata taa kwa mikono ya Osmán.

"Shemeji," Osmán alisema huku amejaza mdomo mkate, "waya si utumbo wa samaki. Samaki ukikosea unanuka. Waya ukikosea unanuka pia, ila wewe hutaisikia hiyo harufu."

Watu wakacheka. Bi Uberlinda akajipiga paja.

"Shule ya nini?" Osmán akaendelea, sasa kwa wema. "Njoo unibebee ngazi, nitakufundisha mwenyewe. Mimi nimefunga umeme kilima hiki tangu ndevu hazijaota, nani ameniuliza karatasi?"

"Kampuni ya umeme haiulizi?" Nolfa akauliza. "Kabla ya kuleta mita kwenye nyumba mpya, si wanataka sahihi ya mwenye leseni?"

"Mzee Sepúlveda wa bondeni anasaini. Nampelekea karatasi na nyama ya kuchoma."

"Anakuja kuona kazi?"

"Aone nini? Magoti yake mabovu, kilima hiki atakipandaje?"

Wakacheka tena. Nolfa akanywa supu yake. Alikuwa ameelewa jambo ambalo vipeperushi havikumwambia: kwamba shemeji yake, fundi wa kilima kizima, hakuweza kuwasha taa moja halali bila mkono wa mzee mgonjwa wa magoti.

"Miaka mitatu!" Bi Uberlinda alisema walipokuwa wanaosha vyombo. "Utazeekea darasani, binti yangu."

"Nizeekee huko huko, mama. Angalau wanawasha hita."

Yasna, aliyesimama karibu naye kiwandani kwa miaka mingi, alitaka waende pamoja kwenye chuo kimoja cha katikati ya mji. Wakaenda. Mlango ulikuwa wa kioo, na ndani kulikuwa na kahawa na biskuti, na bwana mmoja mwenye tai aliyewaita "wahandisi wetu watarajiwa." Akawaonyesha cheti kwenye fremu, kina muhuri wa dhahabu mkubwa kama sahani ya kikombe.

"Swali moja," Nolfa akasema. "Kwa karatasi hii nitatia sahihi mwenyewe, au nitatafuta mtu wa kunitilia?"

"Mama, cheti chetu kinafungua milango mingi sana."

"Sikuulizia milango. Naulizia sahihi."

"Kinakupa msingi imara wa—"

"Yaani sitasaini."

Bwana akarekebisha tai. "Kwa hilo la kusaini kuna taratibu nyingine."

Nolfa akasimama. Yasna akamvuta mkono. "Shosti, kaa. Wiki sita tu, halafu tunapata kazi."

"Wewe kaa. Sikulaumu."

Na kweli hakumlaumu. Yasna alikuwa na mama anayeumwa kitandani na hakuwa na miaka mitatu ya kungoja. Alimaliza wiki zake, akapata kazi ya kuvuta nyaya kwenye majengo mapya, na mama yake akanunuliwa dawa. Kwa Yasna ilikuwa njia yenyewe. Ila Nolfa alikuwa amepokea amri maisha yake yote kutoka kwa watu waliosimama pakavu, na hakutaka kubadilisha kiwanda akabaki na wakubwa walewale.

Akajiandikisha shule ya jioni.

Alfajiri alikanda mkate na kuuza mlangoni. Mchana alifagia zahanati. Jioni alishuka kilima kwenye mvua, mkoba umefungwa na mfuko wa plastiki. Darasani alikuwa mwanamke pekee katika ufundi wa umeme. Mwalimu Riffo, mtu mkavu asiyejua kusifu, alimfanya afungue na kufunga upya kisanduku cha mazoezi mpaka wengine wakaenda zao. "Nyaya zako zimekaa kama tambi," alimwambia. "Anayekuja baada yako ataelewa nini hapa?" Nolfa akazing'oa zote mbele yake, kwa hasira, akaanza upya. Hisabati ilimtesa kuliko umeme. Kuna usiku alilia bafuni, maji yamefunguliwa ili asisikike, kisha akatoka na kumaliza hesabu zake. Floridor hakusema maneno mengi, lakini alijifunza kupika dengu. Zilikuwa mbaya, na Nolfa alizila.

Mwaka wa tatu ulipokwisha, akaomba leseni, na leseni ikaja. Ilikuwa ya daraja la chini kabisa, ya nyumba na maduka madogo. Bi Uberlinda akaitazama pande zote mbili. "Ndiyo hii tu?" akauliza.

"Ndiyo hii tu, mama."

Kazi zikaanza kwa kusuasua. Watu wa kilimani walimwita awabadilishie soketi, wakisimama pembeni kumchunguza kama vile ataiba. Mmoja alimwuliza mumewe atakuja saa ngapi kufanya kazi yenyewe. "Mume wangu anaogopa hata kubadilisha balbu," Nolfa akamjibu. "Shika hiyo tochi, mzee, na usiizungushe."

Kisha mzee Sepúlveda akafariki.

Haikupita wiki mbili Osmán akabisha mlangoni, nywele zimechanwa, mkononi chupa ya divai na bahasha. Hakuwahi kuja na divai.

"Shemeji yangu! Mhandisi wa ukoo!"

"Keti. Unataka nini?"

Alikuwa amemaliza kufunga umeme katika nyumba tano mpya za kule juu kabisa, nyumba za familia zilizokaa kwenye vibanda tangu tetemeko la ardhi lilipobomoa makazi yao. Mita zilikuwa zinangojwa. Karatasi zilikuwa tayari zimejazwa, zimebaki sahihi tu. Akazipanga mezani na kuweka kalamu juu yake.

"Kesho nitapanda kuona," Nolfa akasema.

"Kuona nini?"

"Kazi."

"Nolfa. Ni kazi yangu mimi."

"Ndiyo maana napanda. Ingekuwa yangu ningesaini hapa hapa."

Osmán akacheka, akidhani ni utani. Alipoona Nolfa hacheki, uso ukambadilika rangi. "Unanikagua mimi? Mimi niliyekufungia taa hiyo iliyo juu ya kichwa chako?"

"Niliing'oa mwaka jana. Nimefunga nyingine."

Alikusanya karatasi zake, na divai yake pia, akaondoka. Jioni ile ile Bi Uberlinda akapiga simu. Damu ni damu, alisema. Mwanangu ana watoto. Kalamu haina uzito. Nolfa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nyumba ikiungua hawatamtafuta Osmán. Jina langu ndilo litakuwa pale chini."

"Haitaungua."

"Basi atakubali niione."

Hakukubali. Kwa hiyo Nolfa alipanda peke yake, akabisha nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane, Bi Clorinda, mwenyekiti wa kamati ya zile nyumba. Nolfa akamweleza yeye ni nani na amekuja kwa nini, akaomba ruhusa ya kufungua soketi ya mashine ya kufulia. Clorinda akaruhusu, akasimama nyuma yake mikono kiunoni.

Nolfa akazima umeme wa muda uliotumiwa na wajenzi, akapima, akafungua. Waya wa ardhi, ule wa kijani, ulikuwepo, umefungwa vizuri kabisa. Akaufuata. Ulikwenda sentimita chache ndani ya ukuta, ukakoma. Ulikuwa umekatwa, haukuunganishwa na kitu. Ulikuwa wa maonyesho.

"Huu waya una kazi gani?" Clorinda akauliza.

"Mashine ikipata hitilafu, umeme upitie hapa badala ya kupitia kwako."

"Na huu haupitishi?"

"Hauendi popote."

Clorinda akatoka nje, akaita majirani kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti iliyosikika mpaka bondeni. Nyumba zote tano zilifunguliwa soketi siku ile. Tatu zilikuwa vilevile.

Nolfa alimtumia shemeji yake ujumbe: njoo turekebishe pamoja, mimi na wewe, kisha nitasaini zote. Osmán alijibu kwa ujumbe wa sauti, na maneno yake hayafai kuandikwa. Alishuka mpaka mji wa Concepción akapata mtu wa kusaini bila kuona. Watu kama hao hawakosekani. Ila alipozileta zile karatasi, wenye nyumba walizikataa. Clorinda alimwambia mbele ya wote, "Tulikaa kwenye mbao na mabati tukingoja nyumba hizi. Mwanamke yule alipiga magoti sakafuni kwangu akanionyesha. Wewe umenionyesha nini?"

Kamati ikampa Nolfa kazi ya kurekebisha. Akamchukua Yasna, aliyekuwa na mikono myepesi ya kuvuta nyaya na aliyechoshwa na wakubwa wa majengo, wakafanya nyumba moja baada ya nyingine. Mita zikaja. Chini ya kila karatasi palikuwa na sahihi yake, kubwa kupita kiasi, ikitoka nje ya kisanduku kilichowekwa.

Kilima kikagawanyika. Duka la mkate lilikuwa upande wa Osmán, kinyozi upande wa Nolfa. Wapo waliosema amemnyang'anya shemeji yake tonge mdomoni, na wapo waliomwita usiku kwa sauti ya chini aje awaangalizie ukuta fulani unaopata joto. Naye aliwaendea wote, na wale wa kwanza pia.

Bi Uberlinda akatuma ujumbe kupitia Floridor: Jumapili hii Osmán anakuja, afadhali Nolfa asije, pasiwe na maneno.

Floridor aliutoa ujumbe huo akitazama viatu vyake. "Tunaweza kubaki hapa," alisema. "Nitapika."

"Dengu? Hapana, baba. Vaa koti."

Walipoingia, wote mezani wakageuka. Osmán alikuwa kwenye kiti chake, kijiko hewani. Nolfa akambusu mama mkwe shavuni, akawasalimia watoto, akavuta kiti kilichokuwa mkabala na shemeji yake, akakaa.

"Una uso mkavu wewe," Osmán akasema.

"Ninao. Na ile kazi ya kule juu bado naweza kukufundisha, ukitaka. Bila shule, bila ngazi."

"Nife kwanza."

"Sawa. Lakini usife kwenye soketi, maana watu watasema nimekusaini mimi."

Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kiwiko. Bi Uberlinda alisimama kando ya jiko na upawa mkononi, hajui ampakulie Nolfa au asimpakulie. Wala hakumpakulia. Basi Nolfa akainuka, akamchukulia upawa taratibu, akajipakulia mwenyewe bakuli mpaka juu, na paja la kuku, akarudi kukaa.

"Chumvi," akasema akimtazama Osmán, na kunyoosha mkono katikati ya meza, akaingoja pale.